Msimu wa kasa kutaga: Ukilinda kiota, unamlinda na mwanao

Machi 2024, watu tisa walifariki dunia katika Kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa. Wanane kati yao walikuwa watoto. Wengine 78 walilazwa hospitalini. Kabla ya hapo, Novemba 2021, watu saba walifariki hapo hapo Pemba kwa sababu hiyo hiyo, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka mitatu.

Habari hizo zilisomwa, watu wakasikitika, kisha maisha yakaendelea. Lakini kila mwaka, masika yanapoanza, kasa majike hupanda kwa wingi kwenye fukwe za Tanzania na Kenya kutaga mayai. Huo ndio wakati ambao mnyama huyu, anayeishi karibu maisha yake yote baharini, hujileta mwenyewe mbele ya miguu ya binadamu. Nchi kavu hawezi kukimbia wala kung’ata kwa maana. Mtu mmoja au wawili wakimgeuza chali, amekwisha.

Usiku huohuo mchangani ndipo yanapokutana mambo mawili ambayo kwa kawaida huzungumzwa mbalimbali: uhifadhi wa kasa na afya ya familia. Maofisa wa mazingira hutuambia tusimguse kasa kwa sababu anatoweka. Waganga hutuambia tusimle kwa sababu anaweza kuua. Kwa mzazi wa pwani, na hata yule wa bara anayewapeleka watoto pwani wakati wa likizo, hilo ni somo moja. Kasa akiachwa ataga na arudi baharini salama, hakuna sufuria itakayobeba sumu ile.

Sumu isiyo na harufu

Wataalamu wa afya wana jina la kitaalamu la sumu hii, lakini kwa mzazi inatosha kuijua kwa tabia zake.

Kasa mwenyewe hatengenezi sumu. Inaaminika kwamba huipata katika chakula chake, hasa mwani wenye sumu na viumbe wengine wa baharini, kisha ikajikusanya mwilini mwake bila kumdhuru. Kwa hiyo kasa mwenye sumu huogelea vizuri, hunenepa na huonekana mzima kabisa. Nyama yake haina rangi ya ajabu, haina harufu mbaya na haina ladha tofauti.

Jambo la pili ni kwamba moto hauiondoi. Kuchemsha kwa muda mrefu, kukaanga, kukausha au kuweka ndimu na viungo, vyote havisaidii. Mama aliyezoea kwamba chakula kikiiva vizuri kimekuwa salama, hapa ujuzi wake wa jikoni unamwangusha pasipo kosa lake.

Jambo la tatu ndilo linalowadanganya wengi. Si kila kasa ana sumu. Mtu anaweza kula mara kumi asipate lolote, na mara ya kumi na moja nyumba nzima ikalazwa. Wapo wazee watakaosema kwamba wao na baba zao walikula kasa tangu utotoni na hawakufa, na pengine wanasema kweli. Lakini kasa husafiri mamia ya kilomita. Wawili wanaovuliwa katika ghuba moja wiki moja wanaweza kuwa wamekula sehemu mbili tofauti kabisa za bahari. Kwa hiyo aliyeliwa jana hasemi chochote juu ya huyu wa leo.

Tatizo hili si la Pemba peke yake. Madagascar imekumbwa nalo mara nyingi. Mwaka 2010, katika kisiwa cha Murilo nchini Mikronesia, kule Bahari ya Pasifiki, watu sita walifariki baada ya kijiji kula ng’amba mmoja. Wanne kati yao walikuwa watoto. Hata huko, walioumia zaidi ni wadogo.

Kwa nini watoto?

Mwili wa mtoto ni mdogo. Kipande kile kile cha nyama kinachomfanya mtu mzima atapike na kulala siku mbili, kwa mtoto wa miaka minne ni dozi kubwa mno ukilinganisha na uzito wake.

Sababu nyingine inatokana na jinsi tunavyoishi. Kasa mmoja mkubwa hutoa nyama nyingi, na pwani mtu hapiki chakula kingi akajifungia nacho ndani. Sahani huenda kwa jirani, nyingine kwa shangazi, nyingine kwa bibi mgonjwa. Watoto wanaocheza uani hupewa wote, hata wale ambao wazazi wao hawapo. Ukarimu huu ni tabia njema, lakini siku ya kasa mwenye sumu ndio unaoibeba sumu nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana katika matukio haya wagonjwa huwa kwa makumi na hutoka familia mbalimbali.

Jambo la kumkumbusha kila mama anayenyonyesha ni kwamba sumu hii inaweza kupita kwenye maziwa. Kumewahi kuripotiwa watoto wachanga waliougua, na wengine kufariki, bila kula nyama hiyo kabisa. Walinyonya tu.

Dalili za kuangalia

Dalili zinaweza kuanza saa chache baada ya kula, na kwa wengine huchukua siku kadhaa. Za mwanzo hufanana na za chakula kilichoharibika, kwa hiyo ni rahisi kuzipuuza:

- Kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo, wengine huharisha.
- Mdomo na koo kuwasha au kuungua, na ugumu wa kumeza.
- Ulimi kuwa na utando mweupe au vidonda.
- Kizunguzungu, udhaifu na jasho.
- Usingizi usio wa kawaida. Mtoto anayelala mchana kutwa na kuamshwa kwa shida ni dalili ya hatari.
- Kupumua kwa shida, degedege au kupoteza fahamu.

Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii. Hospitali humsaidia mgonjwa kwa maji ya mishipa, oksijeni na uangalizi wa karibu mpaka mwili wenyewe uishinde. Ndiyo sababu muda ni muhimu.

Kama mtu nyumbani amekula nyama ya kasa na ameanza kujisikia vibaya, mpeleke kituo cha afya mara moja na ueleze wazi alichokula. Wapo wanaoficha kwa kuogopa sheria, wakasema mtoto amekula samaki. Kauli hiyo humpotezea daktari saa ambazo mgonjwa hana. Pia wapelekee taarifa wote waliogawiwa nyama hiyo, hata wanaojiona wazima, kwa kuwa dalili zao zinaweza kuwa njiani. Usimlazimishe mtoto kutapika, na usichelewe nyumbani ukimpa maziwa au maji ya dafu ukisubiri apate nafuu. Mama anayenyonyesha aliyekula aende na mtoto wake, aelekezwe na mhudumu wa afya namna ya kumlisha kwa siku hizo.

Vipi kuhusu mayai na mafuta?

Baadhi ya watu huamini kwamba mayai ya kasa huongeza nguvu za kiume, na kwamba mafuta yake hutibu pumu na kifua cha watoto. Hakuna ushahidi wa kitabibu wa mambo hayo. Mafuta na viungo vya ndani vya kasa ni miongoni mwa sehemu zilizowahi kusababisha sumu, na mayai yanaweza kubeba bakteria wa kuharisha pamoja na metali nzito ambazo mama kasa amezikusanya mwilini kwa miaka.

Mtoto mwenye pumu anahitaji dawa ya kuvuta ya hospitali. Kumpaka au kumnywesha mafuta ya kasa ni kumwongezea hatari juu ya ugonjwa alionao.

Usiku wa mama kasa

Ukijua kazi anayoifanya mnyama huyu ili atage, huenda hata hamu ya kumgusa ikaisha.

Bahari yetu ina aina tano za kasa. Wanaotaga kwa kawaida kwenye fukwe za Afrika Mashariki ni kasa wa kijani, ambaye wavuvi wengi humwita kasa tu, na ng’amba, mwenye mdomo uliochongoka kama wa mwewe na gamba lenye mapambo. Gamba hilo ndilo lililomponza, kwa kuwa kwa karne nyingi lilitengenezwa vitana na mapambo. Hadi leo ng’amba yumo kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani.

Jike hupanda usiku. Hujikokota kwa mapezi, pumzi baada ya pumzi, mpaka apite mstari ambao maji ya kujaa huishia. Huko huchimba shimo la mwili wake, kisha kwa mapezi ya nyuma huchimba shimo jingine lenye umbo la mtungi, lenye kina kinachokaribia cha mkono wa mtu mzima. Humo hutaga mayai mia moja hivi, meupe, ya mviringo, yenye ganda laini kama ngozi. Akimaliza hufukia, hurusha mchanga huku na huku ili kuficha mahali penyewe, kisha hurudi baharini. Kazi yote huchukua saa moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi.

Watoto wakiona picha zake huuliza kwa nini kasa analia. Yale si machozi ya uchungu. Ni njia yake ya kutoa chumvi iliyozidi mwilini, na akiwa majini tunaikosa kuiona tu.

Baada ya wiki mbili hivi anaweza kurudi kutaga tena, na tena, mara kadhaa katika msimu mmoja. Kisha huondoka kwenda malishoni, na hatapanda tena kutaga kwa miaka miwili, mitatu au zaidi. Anaporudi, hurudi eneo la pwani alikozaliwa. Wanasayansi wanaeleza kwamba huisoma njia kwa nguvu ya usumaku wa dunia, ambayo ilijichora katika kumbukumbu yake tangu alipokuwa kifaranga.

Mayai hukaa mchangani takriban siku 50 hadi 60. Hapo kuna jambo ambalo watoto wa shule hulipenda: joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia. Mchanga ukiwa na joto la karibu nyuzi 29 za Selsiasi, madume na majike hukaribiana idadi. Joto likizidi, wanaanguliwa majike wengi. Joto likipungua, wanakuwa madume. Ndiyo maana kukata miti ya ufukweni, inayotupa kivuli kwenye mchanga, ni kuvuruga uzazi wa kasa kwa miaka mingi ijayo.

Maadui wa kiota

Wapo maadui wa asili. Kenge huchimbua mayai, kaa huwakamata vifaranga wakitoka, kunguru na ndege wengine huwanyakua asubuhi, na ndani ya maji samaki wanawasubiri. Inakadiriwa kwamba kati ya vifaranga elfu moja, huenda akafika utu uzima mmoja tu. Na huyo mmoja huchukua miaka 25 hadi 35, kwa kasa wa kijani, kabla hajataga yai lake la kwanza. Jike anayepanda ufukweni usiku huu huenda alizaliwa kabla ya mama na baba wengi wanaosoma makala haya hawajafunga ndoa.

Hesabu hiyo ilikuwa ikitosha kwa mamilioni ya miaka. Kinachoivunja ni sisi. Wanaochimba mayai huchukua kiota kizima, si yai moja mbili. Nyavu za jarife, zenye macho makubwa, zinazotegwa kwa papa na taa, huwanasa kasa nao hufa kwa kukosa hewa, kwa sababu lazima wapande juu kupumua. Wachimbaji wa mchanga wa ujenzi huondoka na ufukwe wenyewe. Kuta zinazojengwa kuzuia bahari humzuia mama asifike pakavu. Mbwa wa mitaani huchimbua viota. Mifuko ya plastiki huelea kama yavuyavu, na kasa huimeza akidhani ni chakula.

Halafu kuna taa. Vifaranga hutoka usiku, mchanga ukipoa, na huelekea pale penye mwanga zaidi. Katika ufukwe wa asili, upande huo ni bahari. Taa za hoteli, baa na nyumba huwageuza waende nchi kavu. Hukutwa asubuhi wamekauka barabarani au wameliwa na kaa.

Yaliyofanyika Mafia na Watamu

Ipo mifano mizuri karibu na nyumbani.

Katika Kisiwa cha Mafia, shirika la Sea Sense lilianza kazi mwaka 2001 likiwatumia wenyeji wenyewe kufanya doria ufukweni. Aliyekuta kiota na kutoa taarifa alipewa malipo kidogo, na malipo mengine yalitegemea vifaranga wangapi wameanguliwa salama. Jambo hilo lilibadili hesabu ya mchumi wa kijiji: kiota kizima mchangani kikawa na thamani kuliko mayai kwenye ndoo. Wizi wa mayai ukashuka sana. Baadhi ya waliokuwa wakichimba mayai ndio hao waliogeuka walinzi, na hakuna anayejua alama za kasa mchangani kuliko wao.

Katika Kisiwa cha Juani, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, wageni hulipia kuwaona vifaranga wakitoka kwenda baharini, na sehemu ya fedha hizo hurudi kijijini. Kasa mmoja akichinjwa, huliwa mara moja tu. Kasa huyo huyo akiachwa hai, vifaranga wake huingizia kijiji fedha msimu baada ya msimu.

Upande wa Kenya, mjini Watamu, shirika linalojulikana leo kama Local Ocean Conservation limekuwa likilinda viota tangu miaka ya 1990. Mvuvi akinasa kasa kwenye wavu, hupiga simu, kasa huchukuliwa, hupimwa, huwekwa alama na kuachiwa. Aliyejeruhiwa au mgonjwa hupelekwa kutibiwa kwanza. Mvuvi hulipwa kiasi kidogo cha kufidia muda wake na simu aliyopiga. Kiota kilichotagwa mahali ambapo maji yatakifikia huhamishwa na watu waliofunzwa hadi sehemu salama ya ufukwe.

Kazi ya namna hii ikifanywa sehemu nyingi kwa muda mrefu, huzaa matunda. Oktoba 2025, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN) ulitangaza kumwondoa kasa wa kijani kwenye kundi la viumbe walio hatarini duniani, baada ya idadi yake kupanda katika maeneo mengi kutokana na miongo kadhaa ya kulinda fukwe, kuzuia uchukuaji wa mayai na kupunguza kasa wanaonaswa nyavuni. Haina maana kwamba kila pwani imepona. Lakini inaonyesha kwamba mlinzi anayekesha ufukweni na tochi nyekundu hapotezi usingizi wake bure.

Ukikutana na kasa au kiota

Familia inaweza kukutana na kasa usiku ikiwa matembezini, au watoto wakaona alama asubuhi: mistari miwili ya mapezi mchangani, kama tairi za trekta, inayotoka baharini na kurudi. Fanya hivi:

- Kaa mbali, nyamaza, na usimwangazie tochi wala kumpiga picha kwa mwanga wa simu. Jike akishtuka kabla ya kutaga anaweza kurudi baharini na mayai yake.
- Usisimame mbele yake. Akianza kurudi baharini, mpishe njia.
- Usichimbe wala kuhamisha mayai. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda. Yai likigeuzwa, hufa. Kuhamisha ni kazi ya waliofunzwa tu.
- Ukiwaona vifaranga, usiwabebe kuwapeleka majini. Ule mwendo wao mfupi mchangani ni sehemu ya wanavyojifunza mahali walipozaliwa. Kazi yako ni kufukuza mbwa na kunguru, kuzima taa na kufukia mashimo yaliyo njiani mwao.
- Usimpeleke kifaranga nyumbani kumfuga kwenye beseni. Hufa ndani ya siku chache.
- Toa taarifa kwa ofisi ya uvuvi, kikundi cha BMU, sheha au mwenyekiti wa kijiji, au kwa shirika la uhifadhi lililo karibu nawe.

Kabla ya kuondoka ufukweni jioni, mwambie mtoto afukie mashimo na abomoe majumba ya mchanga aliyojenga. Kwa kifaranga mwenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, shimo hilo ni kaburi. Okoteni mifuko na chupa zenu. Na kama nyumba au biashara yako inatazama bahari, funga mapazia na uzime taa za nje zisizo na kazi usiku, hasa miezi ya Machi hadi Agosti ambapo kutaga na kuangua huwa kwingi.

Ukumbuke pia kwamba Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, sheria zinakataza kuua kasa, kukutwa na nyama yake au kuchukua mayai yake.

Sahani ikiletwa nyumbani

Hapa ndipo penye ugumu hasa. Kumkataza mtu asichimbe mayai ufukweni ni rahisi kuliko kumkatalia jirani aliyekuletea kitoweo kwa moyo mweupe, tena siku ambayo jikoni kwako hakuna kitu.

Zungumzeni jambo hili nyumbani kabla halijatokea. Mume na mke wakubaliane kwamba nyama ya kasa haiingii, na wamweleze bibi, shangazi na dada wa kazi, kwa sababu hao ndio wanaobaki na watoto mchana. Ukiletewa, shukuru kwa heshima na useme kwamba watoto wako hawali nyama hiyo tangu yalipotokea ya Pemba. Pemba inajulikana, na hakuna atakayeona umemdharau. Na ukikataa, usiishie kwako. Mwambie na jirani kwa nini, maana naye ana watoto.

Ukimkataza mtu kitoweo, mwonyeshe kingine. Dagaa, kunde, choroko, maharage na mayai ya kuku humpa mtoto protini ya kutosha kukua, na havina bahati nasibu ndani yake. Dagaa wakaushwe vizuri na kuhifadhiwa pakavu, nao ni chakula cha hali ya juu kwa mtoto aliyeanza kula.

Mtoto naye asikie kutoka kwako, kwa maneno anayoyaelewa. Mfundishe kwamba akiwa kwa jirani na akapewa nyama asiyoijua, aulize ni nyama gani kabla ya kuweka mdomoni. Mwambie kasa si mnyama mbaya wala hana laana. Ni mnyama wa kutazamwa. Mtoto anayejua kwamba chini ya mchanga anaokanyaga kuna mayai mia moja yanayosubiri usiku wao, mara nyingi ndiye atakayekuwa wa kwanza kumkemea mtu mzima anayekuja na jembe.

Msimu huu kasa watapanda tena, Mafia, Pemba, Watamu, Kiunga na fukwe nyingine ambazo hazina mlinzi hata mmoja. Kwenye fukwe hizo zisizo na mlinzi, watakaomkuta mama kasa wa kwanza ni wavuvi wanaorudi, vijana wanaotembea na watoto waliotumwa kuokota kuni. Wote hao wametoka katika nyumba za watu, na watafanya kile walichofundishwa nyumbani.